Picha za ateri za miguu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mgonjwa aliyeandikiwa kipimo cha mishipa ya miguu, na ya mwanawe, mkewe au mumewe atakayemsindikiza. Wengi wanaofika na karatasi hiyo wana kisukari na kidonda kisichopona. Wengine wamevuta sigara miaka mingi, wengine wana presha, na wengine figo zao zimeanza kuchoka. Niseme msimamo wangu mapema, maana utauona kote humu: mguu usikatwe kabla ateri zake, yaani mishipa inayouletea damu, hazijaangaliwa, isipokuwa pale maambukizi yanapotishia kumuua mgonjwa saa hiyo.

Ateri za mguu ni zipi, na picha inatafuta nini?

Damu hushuka kutoka moyoni kwa mshipa mkuu, aota. Karibu na usawa wa kitovu aota hugawanyika, na kila tawi, iliaki, hushika upande wake. Likifika kinenani huitwa femorali. Huteremka pajani, hupita nyuma ya goti kwa jina la popliteali, na chini ya goti huwa mishipa mitatu: tibia ya mbele, tibia ya nyuma na peronea. Tibia ya mbele huishia pale zinapofungiwa kamba za kiatu, na ukigusa kwa kidole utasikia mapigo. Tibia ya nyuma hupita nyuma ya kifundo cha ndani.

Majina hayo utayakuta kwenye ripoti yako, na mahali pa tatizo husema mengi. Sigara mara nyingi huziba mishipa ya juu, iliaki na femorali. Kisukari hushambulia zaidi ile mitatu midogo iliyo chini ya goti.

Picha nzuri hujibu maswali manne. Tatizo liko wapi? Lina urefu gani? Mshipa umebana tu au umeziba kabisa? Na la nne, ambalo daktari wa upasuaji analitaka kuliko yote: chini ya hapo palipoziba, kuna mshipa ulio wazi wa kupokea damu? Anaweza kuipitisha damu kando, lakini lazima awe na pa kuishushia.

Dalili gani humfanya mtu aandikiwe kipimo hiki?

Maumivu ya shavu la mguu yanayoanza ukitembea na kupoa ukisimama dakika chache. Maumivu ya vidole usiku, hadi mtu anauning'iniza mguu kitandani ili apate nafuu. Mguu mmoja kuwa wa baridi kuliko mwenzake. Kidole kuwa cheusi. Kidonda cha mguuni ambacho kimesafishwa na kufungwa vizuri kwa wiki 4 hadi 6 bila kuonyesha dalili ya kufunga.

Mwenye kisukari asisubiri maumivu. Ganzi humficha mengi, na anaweza kuwa na ateri zilizoziba kabisa bila kuumwa hata siku moja.

Jambo moja halina foleni: mguu ulioanza ghafla kuuma sana, ukawa wa baridi, umepauka, na vidole vinashindwa kusogea. Huyo apelekwe hospitali sasa hivi, hata usiku wa manane. Nyama ya mguu isiyopata damu kabisa huanza kufa ndani ya saa chache, na saa 6 ndizo madaktari wengi huzihesabu.

Kwa nini walinipima presha ya mguuni kabla ya kunipeleka kwenye picha?

Kwa sababu ni kipimo rahisi, hakiumi, na hutoa nusu ya jibu. Mkanda wa presha hufungwa juu ya kifundo cha mguu, na kifaa kidogo cha Dopla husikiliza damu ikirudi mkanda unapolegezwa. Namba hiyo hugawanywa kwa presha ya mkononi. Jibu la kawaida ni kati ya 1.0 na 1.4. Likiwa 0.9 au chini yake, ateri za mguu huo zimebana mahali fulani. Likiwa chini ya 0.4, au presha yenyewe ya kifundoni ikiwa chini ya 50, picha inatakiwa haraka.

Kuna mtego hapa, nao huwapata hasa wenye kisukari na wenye ugonjwa wa figo. Kuta za ateri zao hujaa chokaa na kuwa ngumu, mkanda ukashindwa kuzibana. Namba inatoka kubwa, pengine 1.5, na mtu anaambiwa mguu una damu tele. Siyo. Jibu linalozidi 1.4 maana yake kipimo hakiwezi kuaminika kwa mgonjwa huyo. Hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu, kwa sababu ateri za vidole mara nyingi husalimika na chokaa. Ikiwa chini ya 30, mguu uko hatarini.

Altrasaundi ya Dopla inafanyaje kazi?

Hii ndiyo picha ya kwanza kwa karibu kila mgonjwa, na kwa wengi ndiyo inayotosha. Haina mionzi, haina sindano, haigusi figo.

Mashine hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Yakigonga ukuta wa mshipa yanarudi, na kompyuta huyageuza kuwa picha ya kijivu. Yakigonga chembe za damu zinazokwenda, yanarudi yakiwa yamebadilika kidogo kulingana na mwendo wake. Mabadiliko ya namna hiyo yalielezwa mwaka 1842 na Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria aliyekuwa akifikiria mwanga wa nyota. Timu ya Eugene Strandness pale Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ndiyo iliyounganisha picha na mwendo katika mashine moja kwenye miaka ya 1970, na mpaka leo altrasaundi ya mishipa imesimama juu ya kazi hiyo.

Kinachopimwa hasa ni kasi. Ukiubana mpira wa kumwagilia bustani, maji hutoka kwa nguvu pale ulipobana, na ndivyo damu inavyofanya. Tuseme katikati ya paja damu inakwenda sentimita 90 kwa sekunde, kisha sentimita chache chini yake inaruka hadi 270. Kasi imekuwa mara tatu. Ikifika mara mbili tu, tayari tunasema kipenyo cha mshipa kimepungua kwa nusu au zaidi.

Sauti nayo ina habari zake. Ateri nzima hupiga kwa awamu tatu: damu inasukumwa mbele, inarudi nyuma kidogo, kisha mbele tena. Mpimaji mzoefu huisikia kabla hajatazama skrini. Juu yake kukiwa kumeziba, awamu zile hupotea na kubaki wimbi moja lililolala, linalopanda taratibu na kushuka taratibu.

Nijiandae vipi kwa Dopla?

Kwa mguu peke yake, kula na unywe kama kawaida. Kama wataanzia tumboni kuangalia aota na iliaki, utaambiwa ukae saa 6 bila kula, kwa sababu gesi ya tumbo huzuia sauti kupita. Vaa nguo inayopandishwa kirahisi hadi kinenani. Mama anaweza kuja na khanga yake ya kujifunika. Jeli ni ya baridi. Miguu yote miwili huchukua dakika 45 hadi saa nzima, kwa hiyo usiwe na haraka, wala usimharakishe mpimaji.

Kama una kidonda kilichofungwa, njoo na bandeji mpya. Lazima ifunguliwe, kwa sababu sauti haipiti kwenye bandeji, na mara nyingi ateri inayotafutwa imepita papo hapo chini yake.

Nimepimwa Dopla ya mguu, wakasema hakuna damu iliyoganda. Basi ateri zangu ni nzima?

Hapana, si lazima. Swali hili ni muhimu kuliko linavyoonekana.

Dopla ya mguu ni mbili. Moja huangalia vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, kutafuta damu iliyoganda kwa mtu aliyevimba mguu. Nyingine huangalia ateri, zinazoleta damu. Ripoti ya vena iliyo safi haisemi lolote kuhusu ateri. Soma kichwa cha ripoti yako. Kama imetaja vena tu na wewe una kidonda kisichopona au kidole cheusi, rudi kwa daktari umwambie wazi kwamba ateri bado hazijapimwa. Nimeona watu wakitembea na ripoti kama hiyo miezi mingi wakidhani wameshamaliza.

Kwenye skrini niliona bluu na nyekundu. Bluu ni damu chafu?

Rangi zinaonyesha upande damu inakoelekea: kuja kwenye kichwa cha mashine au kukiacha. Mpimaji akiugeuza mkono wake, rangi zinabadilishana. Usiogope bluu.

Kipimo cha CT cha ateri kina tofauti gani na CT ya kawaida?

CT ni mashine ya eksirei inayopiga mwili vipande vipande. Tofauti ni muda na dawa ya kontrasti, yaani dawa inayofanya mishipa ionekane kwenye picha. Unachomwa sindano mkononi, dawa yenye madini ya joto inasukumwa kwa mashine, kwa kawaida mililita 80 hadi 120, na skani inaanza pale tu dawa inapofika kwenye aota. Kisha kitanda kinasogea na mashine inaifuata dawa kutoka tumboni hadi vidoleni. Skani yenyewe huisha kwa chini ya dakika moja. Maandalizi ndiyo yanayokula muda.

Utasikia joto likienea mwilini, na kuhisi kama unakojoa. Hukojoi. Joto hilo hupita baada ya muda mfupi. Lakini kama sehemu ya sindano inauma na kuvimba, piga kelele hapo hapo, maana dawa inaweza kuwa inamwagika nje ya mshipa.

Baada ya hapo kompyuta ina mamia ya vipande vyembamba vya mwili wako, na inavipanga upya iwezekane kuizungusha miguu yote kwenye skrini na kuitazama kutoka kila upande. Mashine inayopiga vipande 64 kwa mzunguko mmoja inafaa sana, na hata ya 16 hufanya kazi hii vizuri ikiwa anayeiendesha anajua kuikamata dawa kwa wakati wake. Tafiti zilizojumlishwa pamoja mwaka 2009 zilionyesha kwamba CT hugundua takriban asilimia 95 ya sehemu zilizobana zaidi ya nusu.

Ina udhaifu mmoja mkubwa. Chokaa kwenye ukuta wa ateri hung'aa na kuonekana kinene kuliko kilivyo, kikafunika nafasi iliyobaki ndani. Pajani, ambako mshipa ni mpana, si tatizo sana. Chini ya goti, kwa mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, ripoti inaweza kusema mshipa umeziba kumbe uko wazi. Ukiona ripoti ya CT inasema chini ya goti hakuna kitu, usiichukue kama hukumu. Omba kipimo kingine kithibitishe.

Figo zangu si nzuri. Dawa ya kontrasti itaniua figo?

Kabla ya CT lazima kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja, ipimwe, na kutoka hapo inapigwa hesabu ya uwezo wa figo kuchuja, eGFR. Ikiwa 30 au zaidi na figo zimetulia, hatari ni ndogo kuliko watu walivyozoea kuogopa. Chini ya 30, daktari hupima faida na hasara, hukupa maji ya kutosha, hupunguza dawa, au huchagua njia nyingine. Aliye kwenye dayalisisi na ambaye hapati mkojo tena anaweza kufanyiwa CT, kwa kuwa hakuna kazi ya figo iliyobaki ya kulinda.

Anayetumia metfomini, dawa ya kisukari ya vidonge, aseme. Kama eGFR iko chini ya 30, kama figo zimeumia ghafla, au kama dawa itapitishwa kwa katheta ndani ya ateri, metfomini husimamishwa na kurudishwa baada ya saa 48, figo zikishapimwa tena. Hospitali nyingine humsimamishia kila mtu. Fuata ya hospitali yako, lakini usiache insulini kwa uamuzi wako mwenyewe.

Anayefunga Ramadhani na ana figo dhaifu apange siku na daktari wake, maana maji kabla na baada ya kontrasti ni sehemu ya kinga.

Siwezi kula kamba wala pweza, vinanidhuru. Nikatae kontrasti?

Swali hili huulizwa sana pwani, na jibu linawashangaza wengi: mzio wa kamba, kaa au pweza hauna uhusiano wa pekee na dawa hii. Mzio huo hutokana na protini ya mnyama, si madini ya joto. Cha kutaja ni kama uliwahi kuchomwa dawa ya kontrasti ukatoka vipele, ukavimba uso au ukabanwa na kifua. Huyo ndiye anayehitaji tahadhari.

Mama anayenyonyesha anaweza kuendelea. Kinachofika kwenye maziwa ni kidogo mno.

MRI je?

MRI hutumia sumaku na haina mionzi. Faida yake hasa ni kwamba chokaa haiisumbui, kwa hiyo kwa mishipa ya chini ya goti inaweza kuona pale CT inapopigwa upofu. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla: mashine nyingi ni za 1.5, nyingine 3.

Dawa yake si ya madini ya joto bali ya gadolini. Mwaka 2006 ilifahamika kwamba baadhi ya dawa za gadolini za wakati huo, zikipewa mtu mwenye figo zilizofeli, zingeweza kusababisha ngozi na viungo kukakamaa. Dawa za kizazi kipya hatari hiyo ni ndogo sana, na zipo namna za kupiga MRI ya miguu bila dawa yoyote, kwa kutegemea mwendo wa damu yenyewe.

Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, au chuma jichoni, au risasi mwilini, aseme kabla ya kuingia mlangoni. Stenti ya zamani mguuni, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa uwe wazi, kwa kawaida si hatari, ila huacha shimo jeusi kwenye picha, mpimaji asijue ndani yake kuna nini. Mashine ina kelele, na kutulia kunachukua muda mrefu kuliko CT. Mgonjwa ambaye mguu unamuuma sana akiulaza hawezi kuvumilia bila kupewa dawa ya maumivu kwanza. Omba dawa hiyo.

Anjiografia ya kidijitali ndiyo ipi, na kwa nini wanasema nisitikisike kabisa?

Hii ndiyo picha iliyo wazi kuliko zote, na ndiyo pekee kati ya hizi ambayo daktari anaweza kuona tatizo na kulitibu papo hapo.

Unalala chini ya mashine ya eksirei yenye mkono uliopinda. Kinena kinatiwa ganzi. Sindano inaingia kwenye ateri ya femorali, waya laini unapitishwa ndani ya sindano, sindano inatolewa, na mrija mwembamba uitwao katheta unapanda juu ya waya. Utaratibu huo wa waya ulibuniwa na Sven-Ivar Seldinger wa Sweden na kuchapishwa mwaka 1953. Kabla yake, tangu Reynaldo dos Santos alipoonyesha njia kule Lisbon mwaka 1929, sindano ndefu ilipitishwa mgongoni moja kwa moja hadi kwenye aota.

Sasa sehemu ya kidijitali. Kabla dawa haijaingia, mashine hupiga picha moja ya mguu jinsi ulivyo, mifupa na yote. Kisha dawa inaingizwa na picha zinafuatana, kadhaa kila sekunde. Kwa kompyuta kila picha ni tarakimu tupu, nukta kwa nukta, na inachofanya ni hesabu ya kutoa: picha ya kwanza inaondolewa kutoka kila picha inayofuata. Mfupa uliokuwepo kwenye zote mbili unafutika. Kinachobaki ni kile kilichoongezeka tu, dawa ndani ya ateri, na mti wa mishipa unaonekana peke yake hadi kwenye vitawi vya wayo. Mholanzi Ziedses des Plantes alikuwa ameifanya hesabu hiyo kwa filamu kwenye miaka ya 1930. Katika miaka ya 1970 Charles Mistretta na wenzake Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walikuwa miongoni mwa walioihamishia kwenye kompyuta, na kuanzia mwanzo wa miaka ya 1980 mashine zikaanza kuuzwa.

Ndiyo maana unaambiwa utulie. Mguu ukisogea hata milimita moja kati ya picha ya kwanza na ya pili, mifupa haifutiki sawasawa. Inaacha kingo nyeusi na nyeupe, na kingo hizo zinaweza kufunika ule mshipa mwembamba uliokuwa unatafutwa. Wayo huwekewa mito na kufungwa kwa utepe laini. Mguu uliokosa damu huungua dawa inapoingia, na mtu anaruka bila kupenda, kwa hiyo hutumika dawa zenye msongamano unaokaribiana na wa damu, ambazo haziunguzi sana. Mtaalamu anaweza pia kuisogeza picha ya kwanza kwenye kompyuta ilingane na ya pili, lakini utulivu wa mgonjwa hauna mbadala.

Baadaye utalala chali saa kadhaa, mara nyingi 4 hadi 6, bila kukunja mguu. Hatari zake ni kutoka damu kinenani, uvimbe wa damu, na mara chache ateri kuumia. Ukihisi majimaji ya moto kinenani, bonyeza hapo kwa mkono wako na uite muuguzi.

Nina figo mbovu na wanataka kunifanyia anjiografia hiyo. Hakuna njia nyingine?

Ipo. Gesi ya kaboni dayoksaidi inaweza kuingizwa ndani ya ateri badala ya dawa. Inaisukuma damu pembeni kwa muda mfupi, kompyuta inafanya hesabu yake ile ile, kisha gesi inayeyuka kwenye damu na kutoka kwa pumzi. Figo haziguswi. Picha za chini ya goti huwa hafifu kidogo, hivyo hapo huongezwa dawa kiasi kidogo tu. Hairuhusiwi kutumika kwa ateri za kichwani na kifuani, lakini kwa miguu ni njia nzuri, na inafaa kuulizia.

Mionzi ni mingi?

Dopla na MRI hazina. Mionzi hupimwa kwa milisiveti, na mtu yeyote duniani hupata kwa wastani 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. CT ya ateri za miguu huwa mara kadhaa ya hapo, na sehemu kubwa hutokana na tumbo na nyonga, si miguu. Kwa mzee wa miaka 65 anayekaribia kupoteza mguu, sioni sababu ya kuiogopa. Kwa kijana, Dopla ianze. Mama mjamzito aseme mapema.

Ripoti imejaa maneno magumu. Nianzie wapi?

Tafuta stenosisi, yaani mshipa umebana, na oklusheni, yaani umeziba kabisa. Tafuta pia kolaterali: ni njia za pembeni ambazo mwili umejitengenezea, na uwepo wake ni habari njema.

Asilimia husomwa vibaya mara nyingi. Stenosisi ya asilimia 50 ina maana kipenyo kimepungua kwa nusu. Eneo la damu kupita limebaki robo. Kwa hiyo hiyo nusu si ndogo.

Kisha angalia wamesemaje kuhusu mishipa mitatu ya chini ya goti na ateri za wayo. Kama ripoti imeishia gotini na kidonda chako kiko kidoleni, haijakamilika.

Nimepewa filamu na karatasi. Inatosha kumpelekea daktari wa hospitali nyingine?

Haitoshi. Omba diski au flashi yenye picha zote katika mfumo wa DICOM, ambao hospitali duniani kote huutumia. CT moja ya miguu ina mamia ya picha. Filamu inakuonyesha chache zilizochaguliwa na mtu mwingine. Na zile picha za simu, filamu imeinuliwa dirishani kisha ikatumwa WhatsApp, zinampa daktari umbo tu. Hawezi kupima upana wa mshipa wa milimita 2 kwenye picha ya namna hiyo, wala kuchagua puto la kuutanua. Omba diski kabla hujatoka hospitalini, siku hiyo hiyo. Kurudi kuifuata baada ya miezi ni kazi nyingine.

Baba ameambiwa mguu ukatwe wiki hii. Bado kuna haja ya picha?

Kama ana homa kali, usaha unapanda na fahamu zinapotea, msizuie upasuaji. Uhai kwanza.

Kama si hivyo, ulizeni kwa heshima lakini bila kuogopa: ateri zake zimepimwa? Presha ya kidole ni ngapi? Je, kuna mshipa unaoweza kufunguliwa? Hata pale ambapo kukata hakuepukiki, picha huamua wapi. Kukata kidole kwenye mguu usio na damu ni kufungua kidonda kingine kisichopona, kisha kukata tena juu yake. Damu ikirudishwa kwanza, pengine kidole kimoja kinatosha, na goti linasalimika. Mtu mwenye goti lake hutembea na mguu wa bandia kwa nguvu kidogo kuliko aliyekatwa pajani.

Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Marekani, daktari Charles Dotter alimfungulia ateri ya paja kwa katheta mama wa miaka 82 aliyekuwa na kidole kilichooza na aliyekataa katakata kukatwa mguu. Mguu ulipata joto, kidonda kikapona, na mama yule aliishi akitembea kwa mguu wake mwenyewe. Tiba yote ya puto na stenti imetoka hapo, na ilianza na picha iliyoonyesha sehemu moja fupi iliyobana.

Vipimo hivi viko wapi kwetu?

Presha ya kifundoni inaweza kupimwa kwenye kliniki yoyote ya kisukari yenye kifaa cha Dopla cha mkononi. Dopla kamili ya ateri inahitaji mashine ya kawaida ya altrasaundi na mtu aliyefundishwa. Mashine ziko nyingi, watu ndio wachache, kwa hiyo uliza mapema kama wanapima ateri na si vena tu. CT sasa iko hospitali nyingi za rufaa za mikoa Tanzania na hospitali kubwa za kaunti Kenya. Kwa anjiografia, Dar es Salaam kuna Muhimbili na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na Nairobi kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali kubwa binafsi. Tangu 2018 wataalamu wa kujitolea kutoka Marekani wamekuwa wakija Muhimbili kufundisha tiba radiolojia, yaani kutibu kwa katheta huku picha ikiongoza, na leo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kinatoa shahada ya uzamili ya fani hiyo kwa madaktari wetu.

Dopla kwa kawaida ndiyo nafuu, CT inafuata, MRI na anjiografia ndizo ghali. Kabla ya kulipa mfukoni, uliza ofisi ya bima kuhusu kibali, kwa sababu vipimo vikubwa mara nyingi huhitaji kuidhinishwa kwanza.

Nimewekewa stenti, mguu umepona. Picha tena ya nini?

Kwa sababu mshipa uliotanuliwa hujaribu kubana tena, hasa mwaka wa kwanza, na huweza kubana bila maumivu. Dopla hurudiwa baada ya mwezi 1, kisha miezi 3, 6 na 12, halafu kila mwaka. Hospitali nyingine zina ratiba yake. Ikiona kasi ya damu imeanza kupanda ndani ya stenti, daktari anaweza kuitanua kwa puto kabla haijaziba kabisa. Nenda na ripoti ya mara iliyopita, ili mpimaji alinganishe namba za sehemu ile ile. Na kama bado unavuta sigara, mwambie daktari ukweli, akusaidie kuacha kabla ya Dopla ijayo.